Kufundisha Sarufi na Insha ya Kiingereza kwa Kishikwambi Kimoja: Mambo Niliyoyaona Darasani

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilikabidhiwa kishikwambi. Kilikuwa miongoni mwa vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambavyo baada ya kazi ile Serikali iliamua vigawiwe walimu. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na miezi michache kustaafu, nikifundisha Kiingereza Darasa la Sita katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha pwani, wilayani Pangani. Darasa lilikuwa na watoto 74. Kishikwambi kilikuwa kimoja. Katika makala haya nakusudia kuwaeleza ninyi wanachuo, ambao karibuni mtasimama mbele ya madarasa kama lile, jinsi nilivyokitumia kifaa hicho kufundishia sarufi na uandishi wa insha, mahali nilipokosea, na mtoto mmoja aliyelipia kosa langu. Sikusudii kuandika sifa za teknolojia. Sifa hizo zimeandikwa na wengi, na aghalabu ni wale wasiokuwa na vipindi vya kufundisha.

Yafaa nieleze kwanza nimetoka wapi, maana mwalimu hukitumia kifaa kipya kwa mazoea ya kifaa cha zamani. Mimi ni wa kizazi cha redio. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na televisheni Tanzania Bara haikuanza mpaka mwaka 1994, ingawa wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Nikiwa mtoto wa miaka tisa nilimfuata baba kwenye kikundi cha wasikilizaji wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka huo huo wa 1973. Watu walikaa chini ya mwembe, redio ikawekwa juu ya kigoda. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, kiongozi wa kikundi akafungua kitabu, watu wakajadiliana, na siku zilizofuata wakashika majembe kuchimba vyoo. Jambo lililonikaa akilini ni kule kuzimwa kwa redio. Hakuna aliyeitazamia iwachimbie choo.

Baadaye, nilipokwisha kuwa mwalimu, nilisoma habari za mpango mmoja wa majirani zetu wa Kenya, ambao katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 walifundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule za msingi. Mbinu yenyewe ilikuwa imejaribiwa kwanza katika hesabu huko Nicaragua, katika miaka ya 1970. Msemaji wa redio hakuhutubia. Aliuliza swali, akanyamaza kwa sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti, kisha yeye akatamka jibu sahihi ili kila mtoto ajipime. Kipindi kizima cha nusu saa kilijaa mianya ya kimya namna hiyo. Niliipenda sana mbinu ile, hata nikawa nafundisha kwa kuiiga bila redio yoyote. Upungufu wake ni kwamba redio haina masikio. Watoto wakijibu ovyo, au wasijibu kabisa, msemaji husifu vile vile na kuendelea. Kwa hiyo siku nilipopewa kishikwambi nilifurahi kuliko walimu vijana wenzangu, kwani hapa sasa palikuwa na kifaa ambacho mtoto angeweza kukiambia neno, nacho kikalipokea.

Nilianza kwa haraka mno. Niligawa darasa katika vikundi tisa, kila kikundi na kiongozi wake. Kila juma vikundi viwili vilipewa nafasi ya kuandika insha fupi kwa kishikwambi: kila mtoto aliandika sentensi tatu au nne kwa kugusa herufi zilizo kwenye kioo, kiongozi akimsaidia. Mada ya kwanza ilikuwa ile ya siku zote, mtu wa nyumbani kwetu. Nilipozisoma kazi zile jioni sikuamini macho yangu. Watoto ambao kwa miezi walikuwa wakiandika “he sell” na “she go” sasa walikuwa wameandika “he sells” na “she goes”. Tahajia ilikuwa safi. Nilizinakili insha sita kwa mkono wangu kwenye karatasi kubwa, nikazibandika ukutani, na mgeni mmoja aliyekuja kukagua shule alinipongeza. Nilipokea pongezi zile kwa moyo wote.

Mtakuwa mmekwisha kutambua nilichokuwa sijakitambua. Juu ya herufi za kishikwambi upo mstari mdogo unaopendekeza maneno. Ukiandika “se”, chenyewe hukuletea “sell”, “sells” na “send”. Na ukikosea tahajia hukusahihisha bila kukuuliza. Watoto waliufahamu mstari ule kwa siku moja. Viongozi wa vikundi wakagundua kwamba wakigusa neno la katikati mara kwa mara, sentensi hujitunga. Mimi niliyekuwa nikisahihisha nilikuwa nikimpa maksi mtengenezaji wa kifaa.

Katika insha zile ilikuwamo moja iliyonichekesha, na kwa bahati mbaya sikucheka peke yangu. Mtoto mmoja wa kike, mpole, wa kikundi cha nne, alikuwa ameandika hivi: “My grandmother he plays market. He sells market he buys me uniform. I leave with him.” Niliisoma kwa sauti mbele ya darasa kama mfano wa mtu asiyesoma alichokiandika. Nikamuuliza kama bibi yake anakwenda kucheza sokoni, na soko lenyewe analiuza kwa bei gani. Darasa lilicheka sana. Yeye alitazama dawati. Nilimwambia aandike upya, akaandika upya: “I am happy. I like to play football. My school is good.” Hakuna kosa hata moja katika sentensi zile, wala hakuna ukweli, hakuwahi kucheza mpira wa miguu katika maisha yake. Kwa majuma matano yaliyofuata aliniletea sentensi za namna ile ile, nami nikazipigia alama ya vema.

Juma la sita umeme ulikatika kwa siku tatu, kishikwambi kikazima. Nikarudi kwenye madaftari. Niliwapa zoezi la kuandika habari za asubuhi nyumbani, na majibu yalinirudisha nilikokuwa mwezi Januari, au nyuma zaidi. “My mother he sell fish.” “My sister he go to well.” Ile “s” ya mwisho ilikuwa imeondoka pamoja na umeme. Watoto hawakuwa wameisahau, kwa kuwa hawakuwa wameijua. Katika kupekua madaftari yale, nyuma kabisa ya daftari la yule mtoto wa kike, nilikuta maandishi ya penseli, rasimu yake ya ile insha ya kwanza aliyokuwa ameiandaa kabla ya zamu ya kikundi chake:

“My grandmother he plat makuti. He sell makuti he buy me uniform. I leave with he.”

Ndugu wanachuo, nilikaa na daftari lile muda mrefu. Bibi yake husuka makuti. Kwetu pwani ni kazi ya kawaida ya wanawake wazee. Makuti ya kumba husukwa kwa ajili ya nyua, na makuti ya viungo hushonwa kwa ajili ya mapaa. Bei yake ni ndogo na vidole huchubuka. Kwa fedha hizo bibi yule alikuwa amemnunulia mjukuu wake sare ya shule. Kishikwambi hakikulijua neno “makuti”, kikaweka “market”. Hakikuielewa ile “plat”, ambayo mtoto alikusudia iwe “plait”, neno nililowafundisha mimi mwenyewe tulipozungumza habari za nywele, kikaweka “play”. Kisha kwa uangalifu mkubwa kikampachikia kila kitenzi “s” yake, na ile “he” ya mwisho kikaifanya “him”, kana kwamba bibi ni mwanamume.

Nilimwita wakati wa mapumziko, nikamwuliza kama neno lile ni makuti. Akajibu, “Ndiyo, mwalimu.” Nikamwuliza kwa nini siku ile hakusema. Akasema kishikwambi kilipobadilisha aliona, lakini alidhani yeye ndiye aliyekosea, na mimi niliposoma akajua hakika kwamba ndiye. Nilimwomba radhi kesho yake mbele ya darasa, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya darasa. Wapo walimu wasemao kwamba kufanya hivyo huvunja heshima ya mwalimu. Mimi sikuona iliyovunjika.

Tangu siku ile sentensi zake tatu zikawa somo langu kwa muhula mzima, nami naomba mnivumilie nizichambue, kwa sababu ndani yake yamo karibu makosa yote ambayo mtoto wa Kiswahili huyafanya katika Kiingereza, na hakuna hata moja linalotokana na uvivu.

Chukueni kwanza “My grandmother he”. Katika Kiswahili tunasema “Bibi anasuka makuti”. Kile kiambishi “a-” ni sehemu ya kitenzi. Hakiwezi kuachwa hata kama bibi amekwisha kutajwa. Mtoto anapotafsiri kichwani hutafsiri kila kipande: bibi, “my grandmother”, a-, “he”, suka, “plait”. Ametafsiri kwa uaminifu, na uaminifu wake ndio uliomponza. Zaidi ya hayo, “a-” haimtengi mwanamume na mwanamke, wala “-m-” ya “ninamsaidia”, wala “wake” ya “mtoto wake”. Kiingereza kinamtaka mtoto achague “he” au “she”, “him” au “her”, “his” au “her”, mahali ambapo lugha yake haijapata kumwuliza swali hilo. Kwa hiyo huchagua lile alilolisikia kwanza, na kwa kawaida ni “he”. Sasa fikirini: mwalimu akiandika “she” kwa wino mwekundu juu ya “he”, mtoto hujifunza kwamba hapo palitakiwa “she”, lakini swali lenyewe bado hajaulizwa.

Pia ile “s” ya “sells”. Watoto wetu huona ajabu, nao wana haki. Katika Kiswahili alama ya mtendaji hukaa mwanzoni mwa kitenzi, na kila mtendaji ana yake: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Kiingereza hakina alama kwa wote isipokuwa mmoja, na hata huyo huwekewa mwishoni, mahali ambapo mtoto wa Kiswahili hana mazoea ya kutazama.

Nilimwomba mwalimu kijana wa shuleni kwetu anioneshe mahali pa kuuzima ule mstari wa mapendekezo na usahihishaji wa kujiendesha. Vyote viwili huzimwa katika sehemu ya mipangilio, kazi isiyozidi dakika mbili. Kisha nikaanza upya, safari hii kwa kinasa sauti cha kishikwambi, wala si kwa herufi. Mtoto alisimama, akasema sentensi moja ya kweli kuhusu mtu wa nyumbani kwao, ikanaswa. Halafu tuliicheza. Ili watoto 74 wasikie, niliegemeza kishikwambi ndani ya beseni la bati. Sauti ilikuwa na mwangwi kidogo lakini iliwafikia hata wa nyuma. Baada ya kuicheza nilinyamaza, kama wale wa redio ya Kenya, lakini kwa kimya kirefu zaidi, nikihesabu moyoni mpaka kumi. Sikuuliza lolote.

Siku ya kwanza sentensi ilikuwa “My mother he cook ugali.” Tukaisikiliza. Kimya. Tukaisikiliza tena. Mtoto mmoja wa nyuma akasema kwa Kiswahili, “Mwalimu, mama yake ana ndevu.” Hapo darasa lilicheka, na safari hii aliyesema sentensi ile alicheka pia, akaomba anaswe tena: “My mother she cook ugali.” Mwenzake akauliza kwa nini mama atajwe mara mbili. Tukarudi kwenye “Mama anapika”, nikaandika ubaoni “a-” kwa chaki ya rangi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kufundisha niliwaonesha watoto sarufi ya lugha yao wenyewe katika kipindi cha Kiingereza. Nilikuwa nimefundishwa kwamba Kiswahili kisitamkwe katika kipindi hicho. Kanuni hiyo inafaa kwa mazoezi ya kuzungumza. Katika sarufi ni sawa na kumtaka mtu avuke mto bila kumruhusu autazame ukingo aliosimama.

Utaratibu tulioufikia ulikuwa huu, ingawa sikuufuata kila siku. Mtoto husema, sauti hunaswa. Darasa husikiliza mara mbili, hunyamaza, kisha yeye mwenyewe hupewa nafasi ya kwanza ya kujisahihisha kabla ya mwingine yeyote. Husema upya, hunaswa upya, na sauti zote mbili huchezwa zikifuatana. Ndipo huandika kwa mkono katika daftari. Kishikwambi cha kuandikia huja mwisho kabisa, kwa insha iliyokwisha kusahihishwa na mwandishi wake, ili isomeke na wengine. Katika kipindi cha dakika 40 niliweza kuwanasa watoto wanane au tisa tu. Wengine waliandika wakati huo. Ni polepole, nakiri. Lakini kusahihisha madaftari 74 yenye kosa moja lile lile mara mia tatu nako ni polepole, tena hakumfundishi mtu.

Kuhusu maneno ambayo kishikwambi hakikuyajua, tulifanya jambo lililowafurahisha watoto kuliko yote. Kila mmoja aliagizwa kuleta neno moja la nyumbani ambalo kifaa kingelipigia mstari mwekundu, na kuliandikia sentensi ya kumweleza mgeni asiyelijua. Hapa insha ilianza kupata uhai. Mvulana mmoja aliandika, “Ngalawa is a boat with two arms.” Mwingine aliandika, “A kifuu is the house of a coconut.” Yule mtoto wa kikundi cha nne aliandika, “Makuti are leaves of coconut. We put them on the house and the rain go away.” Ile “go” ilitupatia mazungumzo ya robo saa kuhusu “goes”, naye aliirekebisha mwenyewe. Baada ya hapo neno liliingizwa katika kamusi ya kifaa, ili siku nyingine kilikubali. Watoto waliita kazi hiyo “kukisomesha kishikwambi”. Kufikia mwisho wa muhula walikuwa wamekisomesha maneno 43, yakiwamo ukindu, dagaa, mkeka na mbuzi ya kukunia nazi, ambayo ilileta ugomvi mkubwa kwa sababu kifaa kilipewa maelezo ya mnyama.

Sasa nifike kwenye lile lililoniuma mimi. Katika sentensi ya tatu mtoto aliandika “I leave with he”, akikusudia kusema kwamba anaishi na bibi yake. Kosa hilo la “leave” badala ya “live” nilikuwa nimelikata kwa wino mwekundu tangu mwaka 1986, darasa baada ya darasa, na siku zote niliamini kuwa ni uzembe wa tahajia. Kishikwambi hakikuligusa, maana “leave” ni neno halali. Siku moja nilijinasa sauti nikisoma kifungu cha kitabu, nikusudie kukitumia kama kielelezo cha usomaji. Jioni nilijisikiliza. Kisha nikafungua kamusi yenye sauti iliyomo katika kishikwambi hicho hicho, nikagusa “live”, nikagusa “leave”, nikasikia maneno mawili. Katika sauti yangu lilikuwa moja. Nilirudia mara nyingi, nikajaribu “ship” na “sheep”, “sit” na “seat”, na yote yalitoka katika kinywa changu kama mapacha. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kinatenganisha nyingi zaidi ya hizo, na mimi niliyafunga maneno ya Kiingereza katika zile tano zangu. Watoto walikuwa wakiandika sawasawa kile walichokisikia kwangu. Kwa miaka 37 nilikuwa nimewaadhibu kwa matamshi yangu.

Sikuwa na nguvu ya kulificha jambo hilo. Kesho yake nilicheza sauti ya kamusi, kisha yangu, nikawaambia wazitofautishe. Watoto ni wepesi wa masikio; walisikia tofauti upesi kuliko mimi, na wawili watatu waliweza kuitamka vizuri. Mpaka nilipostaafu mmoja wao ndiye aliyekuwa akitamka jozi za namna hiyo mbele ya darasa badala yangu, mimi nikishika chaki. Ninawashauri mjinase sauti mapema, mkiwa bado chuoni, kabla hamjawa na darasa la kuwarithisha makosa yenu. Hakuna somo la mbinu nililopewa lenye faida kama zile dakika tano za kujisikiliza, wala lenye uchungu kama huo.

Mtaniuliza habari za vifaa vipya zaidi, hizi programu za akili mnemba zinazoandika insha nzima kwa agizo la mstari mmoja. Yule mwalimu kijana alinionesha moja katika simu yake mwishoni mwa mwaka 2023. Tuliiagiza iandike insha ya mtoto wa shule ya msingi kuhusu bibi yake. Kwa sekunde chache ilileta aya nne za Kiingereza ambacho mimi sikiwezi, “she” zote mahali pake, na bibi mwenye mvi, tabasamu na hadithi za jioni. Alikuwa bibi mzuri, lakini hakuwa bibi wa mtu yeyote darasani mwetu. Hata hivyo sitasema kifaa hicho hakifai. Nilikitumia mara kadhaa kukagua Kiingereza changu kabla ya kuandika ubaoni, na kutunga mazoezi ya “he” na “she” yenye wavuvi na wauza ndizi badala ya Mary na John wa vitabu vya zamani. Hujibu kwa uhakika hata kinapokosea, kwa hiyo nilihakiki kila sentensi kwa kitabu cha sarufi. Hofu yangu ni juu ya mtoto tu. Mstari mdogo wa mapendekezo ulitosha kumnyamazisha yule wa kikundi cha nne kwa majuma matano; sijui mtoto wa namna ile angefanya nini mbele ya kifaa chenye majibu yote.

Mwezi Oktoba mwaka huo bibi yake alikuja shuleni kwa shughuli ya mchango wa chakula. Nilimwamkia, nikamkaribisha ofisini, nikamwita mjukuu. Nilicheza sauti ya mtoto ile ya mwisho, aliyoinasa baada ya kuirekebisha mara tatu: “My grandmother plaits makuti. She sells them and she buys me a uniform. I live with her.” Bibi hakujua Kiingereza, ila alilidaka neno makuti, akatabasamu. Kisha akauliza, “Na huyo ‘shi’ ni nani?” Mtoto akamjibu, “Ni wewe, bibi.” Bibi akaomba irudiwe. Tukairudia, na kila “she” ilipotajwa alijigusa kifua kwa kidole.

Katika ile “live” bado nilisikia “leave” kidogo. Sikuitaja mbele ya bibi. Tuliifanyia kazi Jumatatu iliyofuata.

Nilistaafu katikati ya mwaka 2024. Kishikwambi nilikikabidhi shuleni pamoja na madaftari ya maandalio na beseni la bati. Ndani yake zilikuwamo sauti 212 za watoto. Mwalimu aliyenipokea aliniuliza kama azifute apate nafasi ya mambo mengine, nami nilimwomba asubiri mpaka watoto wale wamalize mtihani wa Darasa la Saba mwezi Septemba, kwa kuwa wengine walikuwa bado wanakuja saa ya mapumziko kujisikiliza.